Shahada Iliyozaliwa Vitani: Jinsi Utafiti wa Operesheni Ulivyoingia Vyuoni

Utafiti wa operesheni, yaani matumizi ya hisabati, takwimu na vipimo vya kisayansi katika kuamua namna ya kugawa watu, mitambo, fedha na muda, ni fani changa kuliko wengi wanavyodhani. Hata jina lake halikuwapo kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1930, lilipoanza kutumika Bawdsey Manor, katika pwani ya mashariki ya Uingereza, ambako wanasayansi waliokuwa wakiunda rada walibaini kwamba chombo kinachofanya kazi vizuri katika majaribio hakimfai rubani ikiwa taarifa zake zinamfikia zimechelewa. Leo fani hiyo husomwa hadi ngazi ya uzamivu, mara nyingi chini ya paa moja na uhandisi wa viwanda na mifumo, na mitaala yake imepangika kiasi cha kumsahaulisha mwanafunzi kwamba waasisi wake hawakuwa na shahada ya namna hiyo, na kwamba mmoja wa waliosaidia kuianzisha alikuja kuikana hadharani.

Mwaka 1940 mwanafizikia Patrick Blackett alipewa jukumu la kuisaidia kamandi ya mizinga ya kutungulia ndege, na timu aliyoikusanya ilikuwa mchanganyiko ambao hakuna ofisi ya ajira ya leo ingeuidhinisha: wanafiziolojia watatu, wanahisabati wawili, wanafizikia wa nadharia wawili, mtaalamu mmoja wa fizikia ya nyota, mwanafizikia mwingine, mpima ardhi na ofisa mmoja wa jeshi. Timu hiyo ilibandikwa jina la utani la "sarakasi ya Blackett". Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni mwa mapambano ya anga ya Uingereza zilihitajika zaidi ya risasi 20,000 za mizinga kuangusha ndege moja, lakini mwaka uliofuata wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 4,000 hivi, na mchango mkubwa katika mabadiliko hayo ulitokana na kujifunza kuzitumia ipasavyo rada zilizokuwapo tayari.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi roho ya kazi hiyo ni ule wa mabomu yaliyodondoshwa baharini na ndege dhidi ya nyambizi za Ujerumani. Mabomu hayo yalikuwa yamepangwa kulipuka katika kina cha futi 100, kwa hoja iliyoonekana ya busara kwamba nyambizi ikishaiona ndege hupata muda wa kuzama hadi hapo. E. J. Williams, mwanafizikia kutoka Wales aliyefanya kazi na kamandi ya pwani, aliigeuza hoja hiyo juu chini: nyambizi iliyopata muda wa kuzama kiasi hicho huwa imekwisha kupotea, rubani asijue tena iko wapi, ilhali ile iliyokutwa bado karibu na uso wa maji, ambayo ndiyo pekee inayoweza kulengwa, ilikuwa ikinusurika kwa sababu bomu lilipita na kulipuka mbali chini yake. Kina kilipopunguzwa kuelekea futi 25, mashambulizi yaliyofaulu yaliongezeka maradufu na zaidi, pasipo kuundwa ndege wala baruti mpya. Hesabu iliyotumika haikuwa ngumu; kilichohitajika ni mtu wa kuuliza swali ambalo waliozoea kazi hawakuwa wakiliuliza.

Uhandisi wa viwanda, kwa upande wake, ulikuwa umetangulia vyuoni kwa kizazi kizima, kwani Chuo cha Pennsylvania State cha Marekani kilikuwa na idara yake tangu 1909, na mwaka 1933 Ralph Barnes alipata katika Chuo Kikuu cha Cornell shahada ya uzamivu inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika fani hiyo. Chimbuko lake ni karakana: Frederick Taylor alipima kazi kwa saa, naye Frank Gilbreth akapunguza miondoko ya mwashi anayepanga tofali moja kutoka 18 hadi takriban 5, huku mkewe, Lillian Gilbreth, aliyepata uzamivu wa saikolojia Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1915, akisisitiza kwamba mfanyakazi ana uchovu na mawazo, jambo ambalo Taylor alilipa uzito mdogo mno. Uhandisi huo ulitazama mkono wa mfanyakazi na mpangilio wa kiwanda. Utafiti wa operesheni ulitazama mfumo mzima, na fani hizo mbili zilikuja kuhitajiana.

Baada ya vita, mwanafizikia Philip Morse, aliyekuwa ameongoza kundi la Marekani la kupambana na nyambizi tangu 1942, alirudi chuo cha MIT na kuandika pamoja na George Kimball kitabu cha mbinu za fani hiyo, ambacho kwanza kilikuwa siri ya jeshi na kikatolewa kwa umma mwaka 1951. Mwaka 1952 akawa rais wa kwanza wa chama cha watafiti wa operesheni cha Marekani, na mwaka uliofuata MIT ikaanzisha kituo cha utafiti wa operesheni ambacho, kwa makusudi, hakikuwekwa chini ya idara moja, ili wanafunzi wa uzamivu watoke fizikia, uhandisi, hisabati na kwingineko. Chuo cha Case, mjini Cleveland, kilifuata njia nyingine, kwa kuwa C. West Churchman na Russell Ackoff, waliohamia huko mwaka 1951, walikuwa wametokea katika falsafa, na programu yao ya uzamili na uzamivu, miongoni mwa za kwanza kabisa, iliegemea matatizo halisi yaliyoletwa na viwanda.

Mtu anayeziunganisha shule hizo mbili ni John Little, mwanafunzi wa Morse, ambaye uzamivu wake wa mwaka 1955 kwa kawaida hutajwa kuwa wa kwanza katika fani hii. Alichunguza namna bora ya kutumia maji yaliyohifadhiwa katika bwawa la umeme, akitumia kompyuta ya MIT iliyoitwa Whirlwind, kisha akaenda kufundisha Case, na mwaka 1961 akachapisha uthibitisho wa kanuni inayobeba jina lake: wastani wa walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa na wastani wa muda wanaokaa. Zahanati inayopokea wagonjwa 30 kwa saa, kila mmoja akikaa dakika 20, kwa wastani itakuwa na wagonjwa 10 ndani yake, hata kama hakuna ajuaye wanafika kwa mpangilio gani.

Kilichoipa shahada hiyo uti wa mgongo wa kihisabati, hata hivyo, ni kazi ya George Dantzig, ambaye mwaka 1947, akilitumikia jeshi la anga la Marekani, alibuni mbinu ya simpleksi, yaani utaratibu wa kutafuta hatua kwa hatua uamuzi ulio bora pale gharama na vikwazo vinapoweza kuandikwa kama milinganyo sahili. Mbinu hiyo ilijaribiwa kwa swali la mlo wa gharama nafuu wenye virutubisho vyote, ambalo mwanauchumi George Stigler alikuwa amelijibu kwa kukadiria tu, akapata dola 39.93 kwa mwaka. Makarani 9 wenye mashine za mkono walitumia jumla ya siku za kazi 120 kupata jibu kamili, dola 39.69. Tofauti ya senti 24 yaweza kuchekesha, lakini ilionyesha mambo mawili, kwamba makisio ya Stigler yalikuwa mazuri ajabu, na kwamba bila kompyuta mbinu ya Dantzig ingebaki ubaoni.

Uingereza, nyumbani kwa fani hiyo, ilichelewa kuipa idara, pengine kwa sababu wataalamu wake waliajiriwa moja kwa moja na viwanda vya taifa kama vile vya makaa ya mawe. Ilikuwa hadi 1964 ndipo Chuo Kikuu cha Lancaster kilipomleta Patrick Rivett, aliyewahi kufanya kazi katika bodi ya makaa hayo, kuwa profesa wa kwanza wa fani hiyo nchini humo.

Kufikia hapo, Marekani ilikuwa imeshaanza kuelekea nadharia. Mwaka 1979 Ackoff alichapisha makala mbili akidai kwamba mustakabali wa utafiti wa operesheni umekwisha kupita, kwa kuwa vyuo vilikuwa vinawafundisha vijana kutafuta matatizo yanayolingana na mbinu walizonazo badala ya mbinu zinazolingana na matatizo. Lawama hiyo ilikuwa ya haki kwa upande mmoja tu, kwani mashirika ya ndege na ya usafirishaji yasingeweza kupanga ratiba zao za leo bila hisabati ile ile aliyoilaumu. Ila kuhusu mafunzo yenyewe, Ackoff hakukosea. Vyuo vingi vilijibu kwa kuunganisha idara. Stanford, ambako Dantzig alifundisha tangu 1966, iliunganisha idara yake ya utafiti wa operesheni na idara nyingine mwaka 1996, kisha mwaka 2000 ikaongeza uhandisi wa viwanda, na idara iliyozaliwa ikaitwa ya sayansi ya menejimenti na uhandisi, bila maneno utafiti wa operesheni katika jina lake.