Umenyanyua gari? Hivi ndivyo ekseli inavyolika

Kunyanyua gari la fowili kumekuwa kama fasheni. Land Cruiser, Prado, Hilux, hata kile kidogo cha Suzuki Jimny, vyote unavikuta barabarani vimesimama juu kuliko vilivyotoka kiwandani. Linapendeza, na kwenye makorongo linasaidia. Ila kuna bili inayokuja baadaye, na mara nyingi inaanzia kwenye ekseli.

Bili hiyo inategemea gari lako lina ekseli ya aina gani.

Aina ya kwanza: Prado, Hilux, Fortuner

Kwenye magari haya, kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka kivyake. Difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, na nguvu inafika kwenye gurudumu kupitia shafti fupi yenye sivijointi kila upande.

Ukiweka springi ndefu, chesisi inapanda pamoja na difu, lakini gurudumu linabaki chini. Shafti inalala kwa mteremko. Chukua mfano wa shafti ya sentimita 45 iliyokuwa imelala sawa: ukinyanyua gari sentimita 5 (inchi 2), inainama kama nyuzi 6. Ukinyanyua sentimita 10, inakaribia nyuzi 13. Na hapo gari limesimama tu. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, pembe inazidi.

Sivijointi inayofanya kazi kwa pembe kali inapata joto zaidi na kulika haraka. Kinachotangulia kuharibika mara nyingi ni ile raba inayoifunika. Mikunjo yake inasuguana, inachanika, grisi inaruka nje, vumbi na maji vinaingia. Ukianza kusikia "ka-ka-ka" unapokata kona, ujue jointi imeshaanza kwenda.

Ndiyo maana mafundi wengi wanaona inchi 2 kama mwisho wa usalama kwa magari haya bila kubadili vitu vingine. Wengine hushusha difu kidogo kwa vipande vya chuma ili kupunguza pembe. Inasaidia, ila nafasi uliyoipata chini ya difu unairudisha kidogo.

Prado nyingi zinazungusha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo jointi za mbele zinabeba mzigo hata kwenye lami.

Aina ya pili: Land Cruiser 70, Jimny, Patrol Y61

Hapa ekseli ya mbele ni bomba moja zima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na shafti zimo ndani yake. Ukinyanyua bodi, bomba halibadiliki, kwa hiyo pembe ya shafti za ndani inabaki ileile. Kwa upande huo umepona.

Tatizo linahamia kwingine:

- Propela. Inakuwa na mteremko mkali zaidi, krosi zake zinalika na gari linaanza kutetemeka ukiongeza mwendo.
- Usukani. Kwenye magari yenye springi za koili mbele, ekseli inajizungusha kidogo gari linapopanda. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe vizuri, na gari linayumba. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo.
- Ekseli kuhama. Ile fimbo inayoishika ekseli isiende kushoto au kulia inaivuta upande mmoja. Inahitaji fimbo ya kurekebishika.

Kama gari lako lina loki kwenye magurudumu ya mbele, zifungue ukiwa kwenye lami. Propela ya mbele haitazunguka, na krosi zake zitapumzika.

Tairi kubwa ndiyo mzigo wenyewe

Watu wengi hudhani kunyanyua springi kunainua kila kitu. Kwenye ekseli ya bomba, difu haipandi hata kidogo. Kinachoipandisha ni tairi kubwa: ukiongeza inchi 2 za kipenyo, difu inapanda inchi 1.

Lakini tairi kubwa ni nzito, na inahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Hafu shafti, meno ya difu na beringi za magurudumu vyote vinabeba ziada hiyo. Ukiweka na rimu zinazotoka nje au vipande vya kutanua, beringi ndizo zinazoumia zaidi. Kiukweli, ekseli nyingi zinazosemwa zimeuawa na springi, muuaji ni tairi.

Kabla hujatoa hela, muulize fundi:

1. Springi hizi zinanyanyua inchi ngapi, zikiwa na mzigo ninaobeba kila siku?
2. Gurudumu likining'inia, sivijointi inafika mwisho wa pembe yake?
3. Bushi na fimbo za kurekebisha zimo kwenye bei?
4. Mipira ya breki inatosha gurudumu likishuka hadi mwisho?
5. Alaimenti itafanyika siku hiyohiyo?

Ukishanyanyua, ingia chini ya gari kila unapobadilisha oili. Kagua raba za jointi, tingisha propela kwa mkono, na angalia kama kuna oili inayovuja kwenye sili za ekseli. Raba iliyochanika ukiiwahi, unanunua raba na grisi tu. Ukichelewa, unanunua shafti nzima, na huenda ukaipata ukiwa umekwama porini.