Saa Bila Neno Saa

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi kabisa: duka la mbegu linafunguliwa saa fulani. Nilikuwa nimechukua kazi ya kutafsiri gemu ya simu, ya kilimo, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Kila mstari wa Kiingereza ulikuwa na kisanduku chake cha Kiswahili, na mahali pa saa paliwekwa alama. Programu yenyewe ingeijaza tarakimu, zilezile kwa lugha zote: 6:00. Nikaandika “Hufunguliwa saa”, nikaiacha alama mahali pake, nikasonga mbele.

Baada ya siku mbili mhariri wangu akanipigia. Ni mama wa Mombasa, mwalimu mstaafu, aliyeanza kufundisha Kiswahili kabla sijazaliwa.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee ule mstari wa duka.”

Nikamsomea.

“Duka gani hilo linalofunguliwa saa sita za usiku?”

Nikaona haya. Nimezaliwa Tanga. Tangu utoto najua kwamba jua likichomoza ni saa kumi na mbili, halafu inafuata saa moja. Lakini usiku ule nilikuwa nikitazama simu yangu, ambayo huandika 06:00 kila alfajiri, nami husema “saa kumi na mbili” bila hata kuhisi kwamba nimehesabu kitu. Jicho linaona sita, mdomo unasema kumi na mbili. Nilisahau kwamba nikishaandika neno “saa” mbele ya tarakimu, jicho la msomaji huacha kuhesabu. Litaamini linachoambiwa.

Watu wa kazi hii wanaiita ujanibishaji: kuichukua gemu iliyotengenezwa kwingine na kuifanya ikae kama ya hapa. Maneno hubadilishwa, fedha hubadilishwa, pengine hata chakula. Vipimo ndivyo vinavyosumbua, kwa sababu vingi haviko kwenye maneno. Viko chini, ndani ya mashine. Hilo nililijua kabla sijajua kwamba nalijua, kwa sababu ya kaka yangu na saa yake ya Casio.

Miaka ya 1990 mjomba wetu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alituletea tivi gemu: kidude cha plastiki kilichoiga mashine ya Nintendo, pamoja na kaseti moja iliyobanwa gemu chungu nzima, nyingi zikijirudia kwa majina tofauti. Mojawapo ilikuwa Super Mario Bros., gemu ya Kijapani ya mwaka 1985. Juu ya kioo, kulia, kuna neno TIME, na hatua ya kwanza huanza na 400. Sisi tuliziita sekunde. Zamu yako ilikuwa sekunde 400, au mpaka Mario afe.

Kaka yangu hakuamini. Siku moja akaishika Casio, akangoja tangu 400 mpaka sifuri. Zilitoka dakika tatu na ushei. Sekunde 400 zingekuwa dakika sita na sekunde 40. Kesi ikapelekwa kwa baba, ambaye aliitazama televisheni, akaitazama Casio, akatoa hukumu: saa ni mbovu. Ilinunuliwa sokoni, na televisheni ilitoka ng’ambo.

Casio ilikuwa sahihi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba TIME ya Mario haihesabu sekunde. Inahesabu picha. Namba hupungua kwa moja kila baada ya fremu 24, yaani kila baada ya kioo kuchorwa upya mara 24. Huko gemu ilikotoka, kioo huchorwa takriban mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo 400 huisha kwa dakika mbili na sekunde 40. Tanga kioo kilichorwa mara 50. Fanya hesabu: dakika tatu na sekunde 12.

Ukitaka kujua ile 10 iliyopungua ilikwenda wapi, anzia kwenye nguzo ya umeme. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za umeme zilikuwa zikichagua mkondo wao ugeuke mara ngapi kwa sekunde. Westinghouse ya Marekani iliishia kwenye 60. AEG ya Berlin ilishika 50, na sehemu kubwa ya Ulaya ikafuata. Japani ilinunua mitambo pande zote mbili, ya Wajerumani kwa ajili ya Tokyo na ya Wamarekani kwa ajili ya Osaka, na mpaka leo nchi hiyo imegawanyika: mashariki 50, magharibi 60. Televisheni ilipokuja, mafundi waliufungamanisha mwendo wa picha na mwendo wa umeme, maana vikipishana michirizi hutambaa kwenye kioo. Wamarekani wakapata 60 na Wazungu 50. Japani ikachukua mfumo wa televisheni wa Kimarekani nchi nzima, hata Tokyo ambako umeme ni wa 50. Sisi tulipata umeme wa 50, na pamoja nao mfumo wa rangi uliobuniwa na Walter Bruch katika maabara ya Telefunken huko Ujerumani, uitwao PAL. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa bara tulisubiri miaka ishirini zaidi, jambo ambalo Wazanzibari hawajachoka kutukumbusha.

Watengenezaji wa gemu wa miaka ya 1980 walikuwa na mashine dhaifu na kumbukumbu ndogo. Kioo kikichorwa upya, mashine ilipata mpigo, na juu ya mpigo huo waliweka kila kitu: hatua za Mario, uzito wa kuruka kwake, muziki, saa. Kwa toleo rasmi la Ulaya la Mario, Nintendo walirudi ndani wakarekebisha namba ili mwendo ukaribie ule wa asili. Gemu nyingine nyingi zilisafirishwa bila mtu kuzigusa, zikachezwa Ulaya kwa mwendo pungufu kwa sehemu moja ya sita. Nakala yetu ya Muscat hakuna aliyeifanyia hisani hiyo. Mario wetu alielea.

Nilipofika chuo rafiki alinionyesha kwenye kompyuta programu inayoiga mashine ile ya zamani, kwa mwendo wake wa 60. Nikamwambia kwa majivuno kwamba mtaani kwetu sikuwa na mpinzani. Nikaanguka kwenye shimo la kwanza. Nikaanguka tena. Vidole vyangu vilikuwa vimejifunza kuruka kwa kipimo cha nguzo za umeme za Tanga.

Urefu nao una visa vyake, ila sivipendi sana kama vya saa. Wanaocheza Dungeons & Dragons kwa Kiingereza hupima kwa futi, na mraba mmoja ni futi 5. Matoleo ya Kiitaliano na Kifaransa yaliamua futi 5 ziwe mita 1.5, hivyo futi 30 zikawa mita 9 kamili. Kwa rula ni uongo mdogo, maana ni mita 9 na sentimita 14, lakini nani angecheza akizibeba sentimita 14? Doom ya mwaka 1993 ilikwepa ugomvi wote: askari wake ana urefu wa vipimo 56, na vipimo hivyo havina jina.

Kisa nikipendacho ni cha Minecraft. Iliandikwa na Markus Persson, Mswidi, na siku yake huchukua dakika 20 za kwetu, ikigawanywa katika midundo 24,000. Midundo elfu moja ni saa moja ya gemu. Sifuri iko pale siku inapoanza, jua likiwa linachomoza. Jua la utosi ni 6000. Linapoelekea kuzama ni 12000. Ondoa sifuri tatu uone kilichobaki: saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Persson hakuwa akitufikiria sisi. Alihitaji tu mahali pa kuanzia kuhesabu siku, akachagua pale walipopachagua mababu zetu.

Nilimsimulia Bi. kisa hicho kwa simu, nikitumaini kitanifutia aibu. Akacheka, kisha akauliza, “Sasa duka letu?”

Nilikuwa nimejaribu. Niliandika “Hufunguliwa jua likitoka”, maneno ambayo hata bibi yangu angeyakubali. Mashine ya ukaguzi ikayakataa: ile alama ya tarakimu haimo. Nikawaandikia kampuni kuomba saa isogezwe mbele kwa sita katika Kiswahili pekee. Wakajibu kwa adabu kwamba tarakimu zinatoka sehemu moja kwa lugha zote, na kwamba saa iliyochorwa ukutani mwa duka ni picha. Haibadiliki.

Bi. alinyamaza kidogo. “Toa neno saa,” akasema.

“Hufunguliwa 6:00? Hicho si Kiswahili, Bi.”

“Si Kiswahili kizuri. Lakini we itoe.”

Nikaitoa. Mstari ulitoka hivyo, na bado unaniwasha kila ninapouona. Mwezi uliofuata nilimpa mpwa wangu simu, ana miaka tisa, nikamwomba anisomee kilichoandikwa mlangoni mwa duka. Hakusita hata kidogo.

“Hufunguliwa saa kumi na mbili,” akasema, akaenda kumwagilia mahindi yake.