Duara Lililokatwa Vipande

Mwaka 1801, William Playfair alichapisha London kitabu chembamba kiitwacho Statistical Breviary. Katika mojawapo ya michoro yake, mataifa makubwa ya Ulaya yamepangwa kwa safu ya maduara, na ukubwa wa kila duara unalingana na eneo la nchi. Kando ya kila duara kuna mistari miwili ya wima, wa kushoto kwa idadi ya watu na wa kulia kwa mapato ya serikali. Dola ya Waturuki ndiyo iliyoleta utata, kwa kuwa ardhi yake ilitapakaa katika mabara matatu. Kuichorea maduara matatu kungeificha dola yenyewe. Playfair akalikata duara moja kuanzia kitovuni, kila bara likapata kipande chake na rangi iliyopakwa kwa mkono: Asia kijani, Ulaya nyekundu, Afrika njano. Ndiyo grafu ya duara ya kwanza tunayoijua.

Mskoti huyo, aliyezaliwa 1759, alikuwa amewahi kumchorea James Watt michoro ya mitambo huko Birmingham, na mkono wa fundi unaonekana. Hesabu yenyewe si ngumu: gawanya sehemu kwa jumla, zidisha kwa 360, kisha chukua bikari na kipimapembe. Robo ya jumla ni nyuzi 90. Hata hivyo Playfair, pamoja na ustadi huo, alikufa maskini mwaka 1823.

Wengi humtaja muuguzi Mwingereza Florence Nightingale katika historia hii, na hapo pana kuchanganya mambo. Mchoro wake wa 1858 kuhusu vifo vya askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea una vipande 12 kwa kila mwaka, kimoja kwa kila mwezi, lakini pembe zote ni sawa. Kinachobadilika ni umbali kutoka kitovuni. Buluu, rangi ya vifo vya maradhi yaliyozuilika, imeizidi kwa mbali nyekundu ya majeraha.

Aliyelitumia duara kwa ustadi zaidi, kwa maoni yangu, ni mhandisi Mfaransa Charles Joseph Minard. Mwaka huohuo wa 1858 alichora ramani ya nyama iliyoliwa Paris, akaweka duara juu ya kila wilaya iliyopeleka mifugo. Duara kubwa, nyama nyingi. Vipande vyeusi ni ng'ombe, vyekundu ndama, vya kijani kondoo. Grafu za nguzo zingepata shida kutawanywa juu ya ramani namna hiyo, ilhali duara hukaa popote.

Lawama zilikuja baadaye. Mwaka 1984, watakwimu William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hulinganisha nguzo zilizosimama kwenye msingi mmoja kwa usahihi zaidi kuliko wanavyolinganisha pembe. Chora asilimia 24 na asilimia 27: nguzo zitakuambia mara moja ipi ndefu, ila kwenye duara utakodoa macho. Kompyuta nazo zimeongeza balaa, kwani kukata vipande 15 hakuchoshi tena mkono wa mtu. Programu nyingi hata hulilaza duara na kulipa unene, na hapo kipande cha mbele chenye nyuzi 60 huonekana kikubwa kuliko cha nyuma chenye nyuzi zilezile 60.