Francis Ledwidge: Mwanajeshi wa Ireland aliyevaa sare ya Uingereza

Je, mtu anaweza kupigana katika jeshi la taifa linaloitawala nchi yake, na bado akawa mzalendo? Swali hili liliwagawa vijana wa Ireland wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918. Karibu watu 200,000 wa Ireland walitumika katika jeshi la Uingereza. Mmoja wao alikuwa Francis Ledwidge, kibarua wa barabara aliyekuwa pia mshairi.

Ledwidge alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1887 katika kijiji cha Slane, mashariki mwa Ireland. Baba yake alikuwa kibarua wa mashambani, naye alifariki Francis akiwa bado mtoto mdogo. Mama akabaki na watoto wengi wa kulea, akawa anafanya vibarua ili wapate kula.

Francis aliacha shule mapema. Alifanya kazi za shamba, kisha machimbo ya shaba, ambako alifukuzwa kwa sababu aliwaongoza wenzake kugoma. Baadaye alipata kazi ya kutengeneza barabara, akapanda hadi kuwa mnyapara.

Baada ya kazi aliandika mashairi kuhusu ndege, mito na mashamba ya kwao. Mwaka 1912 aliyapeleka kwa Lord Dunsany, mwandishi na mwenye ardhi wa eneo hilo. Dunsany aliyapenda na kumsaidia yachapishwe kitabu.

Hali ya Ireland ilikuwaje mwaka 1914?

Wakati huo Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza, na sheria zake zilitungwa London. Wengi walidai utawala wa ndani, yaani bunge lao wenyewe mjini Dublin. Mwezi Septemba 1914 sheria ya kuwapa bunge hilo iliidhinishwa, lakini ikasimamishwa hadi vita viishe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, vijana walikuwa wameunda kundi la wanamgambo wa kujitolea ili kuitetea haki hiyo. Ledwidge alikuwa miongoni mwa walioanzisha tawi la Slane. Vita vilipoanza, mwanasiasa John Redmond aliwataka wanamgambo wajiunge na jeshi la Uingereza, akitumaini kwamba Ireland ikisaidia, ahadi itatimizwa. Wengi walimfuata Redmond, wachache wakakataa. Ledwidge alikuwa upande wa wachache.

Kwa nini basi alijiunga?

Mwezi Oktoba 1914, katika kikao cha halmashauri mjini Navan, Ledwidge alimpinga Redmond waziwazi. Wajumbe wenzake walimshambulia kwa maneno na kumshutumu kuwa anawapendelea Wajerumani. Siku chache baadaye, tarehe 24 Oktoba, aliingia katika kambi ya Richmond mjini Dublin, akajiandikisha katika kikosi cha Royal Inniskilling Fusiliers.

Wapo wanaosema alikimbia maumivu ya mapenzi, kwa kuwa msichana aliyempenda alichagua mwanamume mwingine. Yeye mwenyewe alieleza sababu nyingine. Alisema Uingereza ilikuwa imesimama kati ya Ireland na adui wa wote, na hakutaka ije kusemwa kwamba Waingereza waliwalinda huku watu wa Ireland wakikaa nyumbani na kupitisha maazimio tu.

Nini kilitokea mwaka 1916?

Ledwidge alipigana Gallipoli, nchini Uturuki, mwaka 1915, kisha akapelekwa Serbia. Huko kikosi chake kilirudi nyuma katika baridi kali. Aliugua, na mwezi Aprili 1916 alikuwa hospitalini Manchester, Uingereza.

Akiwa huko alipata habari kutoka nyumbani. Tarehe 24 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, watu wenye silaha waliteka majengo makuu ya Dublin na kutangaza Ireland kuwa jamhuri huru. Jeshi la Uingereza lilizima maasi hayo kwa siku sita. Kati ya tarehe 3 na 12 Mei, watu 14 walipigwa risasi katika gereza la Kilmainham mjini humo.

Mmoja wa waliouawa siku ya kwanza alikuwa Thomas MacDonagh, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu ambaye Ledwidge alimfahamu. MacDonagh alihukumiwa na mahakama ya kijeshi katika kambi ya Richmond, palepale Ledwidge alipojiandikisha miezi 18 kabla. Sasa waliomuua rafiki yake walivaa sare kama aliyovaa yeye.

Ledwidge alimwandikia MacDonagh shairi la maombolezo ambalo hadi leo ndilo linalojulikana zaidi kati ya kazi zake. Alichelewa kurudi kutoka likizo, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kuvuliwa utepe wake wa cheo. Inasimuliwa kwamba alimwambia ndugu yake kuwa sasa hata Wajerumani wakiruka ukuta wa nyuma ya nyumba, hatainua kidole kuwazuia.

Hata hivyo hakutoroka jeshini. Alirudishiwa utepe wake na kupelekwa Ufaransa. Mwezi Juni 1917 aliandika katika barua jinsi inavyomuuma kuitwa askari wa Uingereza wakati nchi yake haina nafasi miongoni mwa mataifa.

Mwisho wake ulikuwaje?

Tarehe 31 Julai 1917, karibu na kijiji cha Boezinge nchini Ubelgiji, kikosi chake kilikuwa kinatandika mbao ili kupitisha barabara kwenye matope. Ilikuwa kazi anayoijua tangu ujana. Walipopumzika kunywa chai, kombora lilianguka kati yao na kumuua pamoja na wenzake. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Sehemu kubwa ya Ireland ilipata utawala wake mwaka 1922. Waliokufa katika maasi ya 1916 waliheshimiwa kama mashujaa, lakini wengi waliovaa sare ya Uingereza hawakutajwa sana, na familia zao zilinyamaza. Mwaka 1998 bustani ya kumbukumbu yao ilifunguliwa Messines, Ubelgiji, mbele ya Rais wa Ireland na Malkia wa Uingereza. Leo nyumba ya akina Ledwidge huko Slane ni makumbusho.

Kuna uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Vita hivyo vilifika huku pia. Waafrika walipigana upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza, na wengi walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Tofauti na wao, Ledwidge alijiandikisha mwenyewe. Lakini familia zenye babu aliyerudi na sare ya mtawala, au asiyerudi kabisa, zinalijua swali lililomsumbua.