Ssese: visiwa ambavyo watu walihamishwa, wanyama wakabaki

Leo naomba tuzungumze juu ya visiwa vya Ssese, vilivyo ndani ya Ziwa Victoria. Wengi wetu tunavijua kwa picha tu, zile za mchanga mweupe na msitu mzito. Mtu akiona picha hizo anasema, "Hapa ni nchi ambayo binadamu hajaigusa." Kumbe ilishaguswa, na waliokuwa wanaiishi walitolewa. Historia yao inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na njia. Kutoka Mbarara unapanda taksi ya Masaka. Kabla ya Lyantonde, maeneo ya Sanga, ukiangalia vizuri unaweza kuona punda milia wanakula pamoja na ng'ombe wa watu. Hapo ni jirani ya hifadhi ya Ziwa Mburo, tutarudi kwake. Ukifika Masaka unageuka kuelekea ziwani mpaka Bukakata, na hapo kuna feri ya kuvuka mpaka Luku, kwenye kisiwa cha Bugala. Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote, urefu wake unazidi kilomita 40, na mji wa Kalangala uko huko. Vyote pamoja vinahesabiwa visiwa 84. Vingine vina vijiji vya wavuvi, vingine ni miti na ndege tu.

Mvua ni nyingi huko, kwa hiyo msitu unaota haraka sana. Shikeni neno hilo: unaota haraka.

Upande wa kusini, mbali kabisa, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Nkosi (wengine wanaandika Nkose). Kisiwa hiki kina mnyama wake. Kwa Kiswahili anaitwa nzohe, Waganda wanamwita enjobe, na wana hata ukoo wenye jina hilo. Ni mnyama wa jamii ya swala, na anaishi kwenye vinamasi. Kwato zake ni ndefu na zinatanuka ili asizame kwenye matope, na akiona hatari anajificha ndani ya maji akiacha pua nje. Jina lake la kisayansi limetokana na Mwingereza John Speke, aliyemkuta kule Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera ukitoka Isingiro yetu hii. Sasa, nzohe wa Nkosi hawakuwa na kinamasi. Walikaa msituni, kwenye ardhi kavu, na kwato zao zilikuwa fupi kuliko za ndugu zao wa bara. Mwaka 1916 wataalamu wa wanyama wakawapa jina lao peke yao. Yaani mnyama akifungiwa kisiwani miaka mingi, mwili wake wenyewe unajifunza mahali alipo.

Lakini kabla ya wataalamu, palikuwa na watu. Basese walijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mitumbwi. Hawakuchonga gogo moja tu. Walipasua mbao, wakazishona kwa kamba za miti, wakatengeneza mitumbwi mirefu ya kubeba watu wengi. Kabaka wa Buganda alipotaka kupigana ziwani, Basese ndio waliokuwa mabaharia wake. Mwaka 1875 Stanley aliiona mitumbwi hiyo kwenye vita vya Kabaka Mutesa na akaiandika kwa mshangao. La pili ni dini. Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye Baganda walimheshimu kuliko wengi, hekalu lake kuu lilikuwa kwenye kisiwa cha Bubembe. Mutesa alipokuwa mgonjwa mwishoni mwa mwaka 1879, msemaji wa Mukasa aliletwa mpaka ikulu, na wamisionari waliokuwepo walikasirika sana. Kwa hiyo msidhani Ssese ilikuwa pembeni ya dunia. Kwa watu wa ziwa ilikuwa ni katikati.

Halafu ukaja ugonjwa wa malale.

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack, waliwapokea wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Uganda. Mgonjwa anaanza na homa, tezi za shingo zinavimba, baadaye akili inayumba, anasinzia mchana mbele ya chakula, anakonda, anakufa. Baganda waliuita mongota, kwa sababu ya kule kusinzia. Ndani ya miaka michache, Busoga, Buganda na visiwani, watu zaidi ya 200,000 walikufa. Isome tena hesabu hiyo. Ni karibu sawa na kuifuta Nakivale nzima.

Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitaka kuthibitisha ni mdudu gani anauleta. Katikiro Apolo Kagwa akasaidia: machifu na wamisionari wakaombwa wakusanye nzi wa kila mahali na kuwatuma Entebbe. Nzi waliotumwa wakawekwa alama kwenye ramani, na ramani ya nzi ikalingana na ramani ya ugonjwa. Ni mbung'o, yule anayekaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Kwa Kiganda mbung'o anaitwa kivu. Najua ninyi wa Bukavu na Goma mtacheka, lakini ndo jina lake.

Mwaka 1906 akaja Robert Koch kutoka Ujerumani, mtu mkubwa, alikuwa amepata Nobel mwaka mmoja kabla. Akaweka kambi yake Bugala. Ndiyo, neno lilikuwa hilohilo: kambi. Wagonjwa zaidi ya elfu moja wakamiminika, wengine wakibebwa, maana walisikia kuna dawa. Dawa yenyewe iliitwa atoksili, na ndani yake kuna sumu ya aseniki. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Koch akaongeza kipimo ili vimelea vife kabisa, na hapo watu zaidi ya 20 wakapofuka, wasione tena. Ugonjwa wenyewe ukarudi kwa wengi. Mwaka 1907 Koch akafunga mizigo na kwenda zake. Dawa ya kupona haikupatikana Ssese.

Dawa ikiwa haipo, serikali ilichagua njia nyingine. Gavana Hesketh Bell aliamua kwamba watu watenganishwe na nzi. Hesabu yake ilikuwa hivi: mbung'o anapata vimelea kwa kumnyonya mtu mgonjwa. Watu wote wakiondoka kando ya ziwa, nzi wenye vimelea watakufa baada ya miezi michache, watakaozaliwa watakuwa safi, na watu watarudi. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto, kwa hiyo Kagwa na wenzake waliokuwa wakitawala kwa niaba yake ndio waliopitisha amri kwa machifu. Kwanza pwani ya bara ikahamishwa. Mnamo mwaka 1909 ikawa zamu ya visiwa. Basese wakapelekwa bara. Kuvua samaki maeneo hayo kukapigwa marufuku. Fundi wa mitumbwi akawa mtu wa kuomba shamba kwa chifu asiyemjua.

Tuwe wakweli: vifo vilipungua sana. Aliyehamishwa akabaki hai, watoto wake wakabaki hai. Sitaki mtu asome hapa aseme kuhamisha watu kulikuwa ni uovu mtupu. Wengi wetu tuko hai kwa sababu tulihama, na yule aliyetusukuma tupande lori hatumlaumu. Tatizo ni kile kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba hesabu ya gavana haikutoka. Kuanzia mwaka 1910 hivi, daktari mmoja kijana, Hale Carpenter, alitumwa kwenda kuishi kwenye visiwa vilivyobaki vitupu, achunguze mbung'o. Watu hawapo, miaka inapita, lakini yeye na wenzake wakipima nzi, bado nzi wana vimelea. Vinatoka wapi? Vilitoka kwa nzohe. Huyu mnyama anabeba vimelea vya malale ndani ya damu na yeye haonekani kuumwa. Na kwa kuwa hakuna tena mtu wa kumwinda wala wa kulima vichaka, nzohe walizaana, wakaenea, wakala mashamba ya migomba yaliyoachwa. Yaani kwa kuwatoa watu, serikali ilimlishia mbung'o wake. Miezi michache iliyopangwa ikawa zaidi ya miaka kumi. Watu walianza kuruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1920 hivi.

Fanyeni hesabu ndogo. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1909, mwaka 1920 ana miaka kumi na zaidi. Anajua kulima bara. Mtumbwi wa kushona hajawahi kushona. Kisiwa anakijua kwa maneno ya bibi yake tu. Mnamfahamu mtoto huyo? Mimi namfahamu, niko naye darasani, na asubuhi namwona kwenye kioo.

Ndiyo maana wengi hawakurudi, na waliorudi walikuta msitu. Nilisema unaota haraka. Shamba lililoachwa miaka kumi kwenye mvua ile linakuwa miti. Wageni waliokuja baadaye waliona miti hiyo wakaipenda, wakasema ni asili. Sehemu ya misitu ikawa ya kulindwa. Halafu, katika miaka ya 2000, sehemu kubwa ya Bugala ikalimwa michikichi kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Ukifika leo utaona mistari ya michikichi kilomita kwa kilomita. Kuna waliopata kazi na hela, kuna wanaolia kwamba msitu umekwisha. Wote wawili wanabishana juu ya ardhi ambayo miaka mia moja iliyopita ilikuwa na mashamba ya watu wengine.

Sasa turudi Mburo, kama nilivyoahidi. Mwaka 1983 serikali ya wakati ule ilitangaza hifadhi ya taifa pale, na wafugaji na wakulima waliokuwa ndani wakafukuzwa. Serikali ilipobadilika mwaka 1986, wengi walirudi, na mwaka uliofuata hifadhi ikapunguzwa zaidi ya nusu. Wale punda milia wa Sanga wanaokula na ng'ombe wanatuonyesha mpaka uliochorwa, ukafutwa, ukachorwa tena. Ssese walisubiri zaidi ya miaka kumi, Mburo miaka mitatu. Nakivale yetu imepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, kuanzia Wanyarwanda wa wakati ule, na kuna wazee hapa ambao wajukuu wao wanazaa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ukihamisha watu, mahali walipotoka hapakai pakiwasubiri. Panaota. Wanakuja nzohe, wanakuja nzi, inakuja michikichi, wanakuja watu wengine wenye karatasi. Kwenye mijadala yetu ya kurudi nyumbani tunaongea kama vile nyumba bado imefungwa mlango na funguo iko mfukoni kwa baba. Wengine tunaongea kama vile hakuna kitu kabisa kule, pori tu. Basese wanatuonyesha kwamba vyote viwili havisimami. Kulikuwa na kitu, na kimegeuka.

Na kuna jambo jingine. Vitabu nilivyovisoma juu ya Ssese ya miaka ile vimeandikwa na gavana, daktari na mwinda vipepeo. Tunajua idadi ya nzi waliopimwa. Tunajua urefu wa kwato za nzohe wa Nkosi. Bibi aliyepakiwa kwenye mtumbwi mwaka 1909, alichosema siku ile, hakikuandikwa humo.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa kila anayesoma, awe Base Camp, Juru, Rubondo au mjini. Jumapili hii, kaa na mzee mmoja wa kwenu. Usimuulize habari za vita, hizo ameshahojiwa mara nyingi ofisini. Muulize shamba lilipakana na nani, mto uliitwaje, mti gani ulikuwa mlangoni, nani alijua kutengeneza nini. Andika kwa lugha yoyote, kwenye daftari au kwenye simu, weka na tarehe. Siku moja mtu atasimama kwenye msitu ule na kusema hapajawahi kukaa mtu, na sisi tuwe na la kumjibu.