Mahasimu Kambini: Gaaru, Gichiaro na Mapenzi Yasiyosimuliwa ya Meru na Embu

Kisa cha vijana wawili wa jinsia moja wanaokutana kambini wakiwa mahasimu na kuagana wakiwa wapenzi kimezoeleka katika riwaya za vijana za Marekani. Kinapotajwa katika mijadala ya fasihi ya Kenya, aghalabu hukataliwa kwa hoja moja tu, kwamba ni bidhaa ya ugenini. Lakini kisa hicho kina vipande vitatu, yaani kambi, uhasimu na mapenzi, na ni muhali kuvihukumu vyote kwa pigo moja. Historia ya Meru na Embu inathibitisha kuwa viwili vya kwanza vilikuwapo kabla ya mkoloni kufika. Ugumu umo katika cha tatu.

Kwa Wameru, kijana aliyekwisha kutahiriwa aliihama nyumba ya mamaye akaingia gaaru, nyumba ya pamoja ya mashujaa. Masimulizi ya wazee aliyoyakusanya Jeffrey Fadiman, yaliyochapishwa katika vitabu vyake vya 1982 na 1993, yanaieleza gaaru kuwa shule ya vita na nidhamu, ambamo kijana alitarajiwa kujitenga na wanawake hadi muda wake wa ushujaa upite. Vijana wa upande mmoja walivamia ng'ombe wa upande mwingine, na sifa ya mtu ilipimwa kwa mshindani aliyemkabili. Juu ya hayo, marika yenyewe yaligawanyika katika mikondo miwili iliyopokezana, Kiruka na Ntiba. Kwa Wambeere wa Embu, Nyangi na Thathi. Uhasimu, kwa hiyo, ulikuwa utaratibu uliopangwa na jamii.

Utaratibu huo ulikuwa pia na njia ya kuugeuza uhasimu kuwa ukaribu. Njia hiyo iliitwa gichiaro, neno lenye asili katika kitenzi cha kuzaa. Makundi yaliyofungamana kwa gichiaro yalihesabiwa kuwa yamezaliwa pamoja: hayakupigana, yalilazimika kukirimiana, na hayakuoana. Sharti hili la mwisho ndilo linalostahili kuzingatiwa na mhakiki. Lugha ambayo jamii iliwapa mahasimu waliopatana ilikuwa lugha ya undugu, na undugu huo uliufunga mlango wa ndoa. Ikiwa katika gaaru vijana wawili walipendana kupita undugu, hawakuachiwa neno la kulisema jambo hilo, au neno lilikuwapo na halikuandikwa. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya Meru katika miaka ya 1930, na ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua zaidi kwa tafiti zake za lahaja za Kivumba na Kijomvu, aliandika kwa kirefu kuhusu marika na mabaraza ya wazee. Watoa habari wa aina hiyo walikuwa wazee wanaume wakijibu maswali ya serikali. Ukimya wa kumbukumbu zao hauthibitishi kuwapo kwa mapenzi hayo, wala kutokuwapo kwake.

Wapo waliojaribu kuujaza ukimya huo kwa haraka mno. Kitabu cha Stephen Murray na Will Roscoe cha 1998 kinarudia dai, likinasibishwa na Rodney Needham, kwamba kiongozi wa dini wa Wameru alivaa mavazi ya kike na mara nyingine aliolewa na mwanamume. Dai hilo limenukuliwa tangu hapo kama ushahidi uliokamilika. Msomaji anayerejea kwa Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu kizima juu ya Mugwe mwaka 1959, anakutana na mtu mwingine: mwenye cheo kinachorithiwa katika ukoo, ambaye mkono wake wa kushoto, mkono wa baraka, haukupaswa kuonekana na watu. Needham mwenyewe, katika makala yake ya 1960, aliujenga uchambuzi wake wa ishara juu ya mkono huo. Kutoka kwenye ishara ya kushoto na uke hadi kwenye ndoa ya wanaume wawili ni safari ndefu, na sentensi moja haitoshi kuwa daraja. Vijana wanaotafuta mababu wanastahili ushahidi imara kuliko huo.

Wasichana wanasikika kwa njia nyingine. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipopiga marufuku ukeketaji, wasichana wa Meru waliingia vichakani makundi kwa makundi wakakeketana kwa nyembe za dukani. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Utafiti wa Lynn Thomas unaonyesha kuwa katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa. Hiki si kisa cha mapenzi, na tendo lenyewe lina uchungu wake. Lakini ni mara chache mno vijana wa kike, wakiwa peke yao bila mama wala nyanya, wameacha alama katika nyaraka za Meru, na alama hiyo iliachwa kwa sababu walikuwa washtakiwa.

Mlango huo wa mahakama ndio uliopitiwa tena na filamu ya Wanuri Kahiu, *Rafiki*, ya 2018. Imetokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko iliyotunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kahiu aliihamisha kutoka Kampala hadi Nairobi na kuongeza uhasimu: baba zao Kena na Ziki wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi. Bodi ya filamu iliipiga marufuku mwezi Aprili 2018. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku saba. Mei 2019 Mahakama Kuu ilividumisha vifungu vya sheria ya adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, vyenye asili katika sheria ya kikoloni ya 1930.

Fasihi ya Kiswahili itokayo katika eneo hili haijaligusa suala hilo waziwazi. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, amekwisha kumweka jukwaani mwanamke anayekataa kurithiwa, katika *Natala* ya 1997, na hoja ya tamthilia hiyo, kwamba mwili hauamuliwi na ukoo, haina mpaka wa jinsia. Ila Natala anapinga, hamtafuti mtu. Kahiu ameeleza kuwa bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mwisho wenyewe ni mkono mmoja tu, unaomgusa Kena begani.