Kufuma na Kufumua

Lugha yetu imelizaa neno kufumua katika kufuma, na historia ya pwani yaonyesha kwamba kazi hizi mbili ni ndugu. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za Bahari ya Hindi karibu na mwaka 1516, asimulia mambo ya Waislamu wa Sofala, katika nchi iitwayo leo Msumbiji. Walikuwa na pamba nyingi, wakafuma nguo nyeupe. Lakini kutia rangi hawakujua, au dawa zake hawakuwa nazo. Basi walitwaa nguo za buluu za Cambay, wakazifumua, wakaufuma uzi wake pamoja na mweupe wao. Zikawa nguo mpya, wakapata dhahabu nyingi kwazo.

Yumkini mtu atasema hiyo ni kazi ya wahitaji. La, si hivyo tu: afumuaye nguo ya fundi mwingine auona mtande ulivyotandwa na mshindio ulivyopita. Katika karne ya 19 merikani ya viwandani ilienea pwani, na wafumaji wakabanwa sana. Na palipokosekana mfumaji, mtoto alikosa mwalimu. Kwa hiyo atakaye kufundisha ufumaji leo, asimpe mwanafunzi uzi tu. Ampe na nguo ya kufumua.